Posa si Mnada

Katika kila nyumba ya nchi hii ipo hadithi moja ambayo watoto huiomba na wazazi huisimulia kwa kicheko: jinsi baba na mama walivyoonana mara ya kwanza, jinsi walivyopendana, na jinsi posa ilivyopelekwa. Hadithi hiyo ni ndogo, lakini ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama ilivyo ngoma, lugha na ushairi. Utamaduni haukomei kwenye vinyago vya kuonyeshwa wageni. Umo katika namna watu wanavyozaliwa, wanavyooana na wanavyozikana. Hadithi hii ikiharibiwa, mlango wa nyumba umeharibiwa.

Nasi twasema, bila kumung'unya maneno, kwamba hadithi hii inaharibiwa mchana kweupe, na waharibifu wake ni wa makundi matatu. Kundi la kwanza ni wazee wanaodai kwamba kuchaguana ni uzungu, na kwamba kijana wa Kiafrika huchaguliwa tu. Kundi la pili ni vijana wanaodai kwamba wazee hawana lao, na kwamba uchumba umekamilika pete ikishapigwa picha. Kundi la tatu, ambalo ni la hatari kuliko yote kwa kuwa limejivika kanzu ya mila, ni la wale waliogeuza posa kuwa mnada. Tutasema na kila kundi kwa zamu yake. Lakini hoja isiyo na mfano haivuki mto, kwa hiyo tutaanza na vijana wawili tunaowafahamu, ambao majina yao tunayahifadhi.

Kijana mwanamume ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Muheza katika Mkoa wa Tanga, aliyepangiwa kazi Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Binti ni afisa mifugo wa kata katika wilaya hiyo hiyo, lakini kwao ni Misungwi, upande wa pili wa maji. Walionana mwaka 2022 penye kivuko cha Kigongo, wakati daraja lililofunguliwa mwaka 2025 lilikuwa bado ni nguzo tu majini. Kila aliyewahi kusubiri kivuko pale anajua saa za jua kali, foleni ya magari, na wauza samaki wanaopita wakinadi. Binti alikuwa amebeba kasha la vifaranga 100 wa siku moja, aliowanunua Mwanza kwa ajili ya kikundi cha akina mama. Jua lilikuwa la utosi, na kasha halikuwa na kivuli.

Mwalimu alikuwa na mwavuli. Alisogea akasema, "Samahani dada, hao vifaranga watakufa na jua." Akaufungua mwavuli juu ya kasha, yeye mwenyewe akabaki juani. Binti akamtazama, kisha akamjibu, "Asante kaka. Lakini naona umewafunika wao, mimi hukunifunika." Wakacheka. Wakavuka pamoja. Vifaranga wawili walikufa njiani, na wale 98 waliobaki wakafika.

Mwanzo ulikuwa huo. Baada ya hapo mwalimu akawa anafika kwenye gulio la kata ile, na kila akifika anauliza hali ya vifaranga. Binti anasema kwamba kijana yule aliuliza hali ya vifaranga mara nne kabla ya kuuliza hali ya mwenye vifaranga. Naye binti hakukaa kungoja kama mzigo bandarini. Aliuliza habari zake. Aliuliza kwa mwenye duka kama mwalimu hulipa madeni, akauliza kwa wazazi wa wanafunzi kama mwalimu hupiga watoto kwa hasira. Hata siku moja mwalimu alipomweleza kwamba anataka waishi pamoja maisha yao yote, binti hakujibu ndiyo wala hapana. Alimwomba amwonyeshe hati yake ya mshahara. Mwalimu akaitoa, pamoja na makato ya mkopo yaliyomo, akaeleza kwamba katika kinachobaki kuna ada ya wadogo zake wawili. Binti akaisoma yote, akaikunja, akamrudishia, akasema, "Sasa tunaweza kuzungumza." Ilipita karibu miaka miwili tangu siku ya mwavuli hadi siku hiyo.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na kundi la kwanza. Ninyi wazee wenzetu mnaosema kuchaguana ni uzungu, tuonyesheni ni wapi katika habari hii mmemwona Mzungu. Je, ni katika mwavuli? Ni katika gulio? Au ni katika binti kumchunguza mwanamume kabla ya kumpa moyo wake, jambo ambalo bibi zetu walilifanya kwa werevu mkubwa kuliko huo? Huku Usukumani, baada ya mavuno, mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu yalikusanya watu wa vijiji vingi uwanja mmoja. Anayedhani kwamba vijana waliohudhuria walitazama miguu ya wachezaji peke yake, hakuwahi kuwa kijana. Waswahili walikwisha kusema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Methali haitungwi juu ya kitu ambacho watu hawajakiona. Watu waliotunga methali hiyo waliona vijana wakikohoa.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Kiswahili kina kuoa na kuolewa. Kina pia kuoza na kuozwa, yaani mzazi kumpa mtoto wake mume au mke. Lakini kina vilevile kuoana. Kiambishi hicho kidogo, -ana, hakikushushwa pwani na jahazi la mgeni yeyote. Ni chetu, nacho ndicho kilichomo katika kupendana, kuchaguana, kuchumbiana, kusaidiana na kuzikana. Kitu kinachofanywa na wawili kwa pamoja kina neno lake tangu zamani. Na wale wanaoshikilia kuoza peke yake wakumbuke kwamba neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa embe lililokaa mno kapuni.

Tena tunao ushahidi wa fasihi. Mwaka 1971 ilitoka riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika. Humo twamwona baba anayemlinda binti yake kwa fimbo, akimpiga kwa ajili ya barua ya kijana, na twamwona binti huyo akitoka nyumbani bila kufundishwa lolote juu ya moyo wake mwenyewe, mpaka anaangamia. Wapo walioilaumu riwaya hiyo kwamba ina mambo ya aibu. Sisi twaona aibu iliyokuwamo ni ya wazazi walioamini kwamba fimbo ni elimu. Binti wa Misungwi hakulindwa kwa fimbo. Alifundishwa kuuliza, na kwa kuuliza alijilinda mwenyewe.

Sasa tugeukie kundi la pili. Habari ya mapatano yao ilipowafikia rafiki wa mwalimu, mashauri yalikuja kama mvua ya masika. Mmoja alitaka ukodiwe ukumbi Mwanza. Mwingine akashauri wawepo mpiga picha na mwimbaji, taa zizimwe, kisha mwalimu apige goti moja mbele ya watu na kufungua kijaluba cha pete, binti ashtuke, alie, na picha zisambae katika simu za watu wasiowajua. Ilihesabiwa kamati, ikahesabiwa michango, na ikaonekana kwamba kwa mshahara ule ule uliosomwa na binti, mwalimu angehitaji mkopo juu ya mkopo.

Binti alipopata fununu hiyo alimwambia mchumba wake maneno ambayo tungependa yaandikwe ukutani: "Magoti mpigie Mungu. Kwa baba yangu, piga hodi."

Asije mtu akadhani kwamba tunaipiga vita pete. Chanda chema huvikwa pete, ndivyo walivyosema wahenga, na pete walijua ni pambo la chanda chema, yaani la mtu mwenye sifa njema. Wahenga walianza na chanda, wakamalizia na pete. Vijana wa siku hizi huanza na pete, na chanda hukichunguza baada ya harusi. Hilo ndilo tunalolilaumu. Uchumba ulio wa picha hauna shahidi, hata kama waliouona ni maelfu. Shahidi ni mtu utakayemwendea usiku nyumba inapowaka moto. Yule aliyeibonyeza picha yako kwa kidole hana wajibu wowote kwako. Hatajua mlipogombana, wala hatafunga safari kuja kuwapatanisha.

Tena wajue kwamba hata Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, imekataa kuufanya uchumba kuwa biashara. Aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa anaweza kudai mahakamani, lakini fidia yake haiwezi kuzidi hasara halisi ya gharama alizoingia kwa sababu ya ahadi ile. Zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa, nayo inaweza kudaiwa irudishwe ndoa isipofungwa. Moyo haukuwekewa bei. Na sheria hiyo hiyo yataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na yataka ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Kwa maneno mengine, sheria yasema kama mila isemavyo: pendaneni wenyewe, lakini msioane gizani.

Hodi ikapigwa. Baba wa mwalimu yuko Muheza, mbali na mgonjwa wa miguu, akatupigia simu na kutuomba tuwe washenga wa kijana wake, kwa kuwa sisi ni watu wa Tanga tuliohamishiwa huku kwa utumishi. Kwa mtu anayeshika kalamu ya ushairi, kuombwa kuandika barua ya posa ni heshima kubwa. Tuliiandika kwa mkono, mara tatu, mpaka ikakaa sawa. Tukaitia katika bahasha nyeupe, tukaifunga katika kitambaa, tukaenda Misungwi na mzee mwenzetu mmoja. Tulipokewa vizuri. Tuliamkiana, tukapewa viti, tukaulizwa habari za safari kana kwamba hakuna aliyejua tulichokifuata. Barua ikapokewa, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili.

Tuliporudi tulipewa karatasi ya mistari yenye orodha. Kulikuwa na ng'ombe 20. Kulikuwa na mkaja wa mama, blanketi la bibi, koti la babu, na beberu la wajomba. Na chini kabisa, kwa wino mwingine, iliandikwa fedha taslimu, nyingi, kwa jina la "kurejesha gharama za elimu." Aliyeiandika na kuitetea alikuwa baba mkubwa wa binti. Baba mzazi alikaa kimya akitazama chini.

Hapa hapana budi tukiri kosa letu. Hatukukasirika. Tulijiona tuko uwanjani. Tulisema 3, wakasema 20. Tukapanda hadi 5, wakashuka hadi 15. Tukatoa mzaha, wakacheka, tukakazana. Tulikuwa tunaifurahia kazi, kama mtu anayenunua mbuzi wa Idi na kujisifu njiani kwamba amempunja mwenye mbuzi. Binti mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia la mlango na sinia la chai mikononi, naye alisikia kila tarakimu. Sisi tuliokwenda kutunga beti za heshima juu yake, tulikuwa tumeketi tukimshusha bei.

Ndipo pazia likafunguka. Binti akaweka sinia chini, akapiga magoti kwa adabu ya kwao, akasema, "Baba, naomba ruhusa niseme neno moja." Baba akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Mimi ni afisa mifugo. Bei ya ng'ombe naijua, ya jike na ya dume, ya kiangazi na ya masika. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nimesikiliza hapo nyuma tangu chai ikiwa ya moto. Mnapatana vizuri sana, baba zangu. Lakini mimi simo katika bei hiyo." Kisha akamiminia kila mtu chai, kuanzia kwa baba mkubwa.

Baba mkubwa alifoka kwamba watoto wamesomeshwa hadi wamepotea. Basi tukapata tena sauti yetu, tukajibu hoja ya elimu, nayo tunairudia hapa kwa kuwa tunaisikia katika posa nyingi. Mtoto huyu alisoma shule ya msingi na ya sekondari ya umma. Madarasa yale, madawati yale na mishahara ya walimu wale vilitokana na jasho la wananchi. Kama elimu ya binti ni deni la kulipwa na mposaji, basi wadai ni wengi. Mvuvi wa Mafia ana chake, mkulima wa kahawa wa Mbinga ana chake, na mchuuzi wa soko la Kirumba pale Mwanza, anayelipa ushuru kila asubuhi, ana chake. Na waje wote Misungwi wapange foleni. Mzazi anayemsomesha mtoto wake anatimiza wajibu, na fahari yake ni mtoto mwenyewe. Mzazi anayemsomesha ili amuuze kwa faida ni mfanyabiashara, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha jina la mtu anayeishi kwa jasho la mwingine.

Mwalimu Julius Nyerere alipotufasiria tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, hakutupa hadithi ya ngeni tupu. Humo baba aliyefariki ameacha masharti kwamba wachumba wa binti yake wachague katika makasha matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Aliyechagua dhahabu alikuta fuvu la kichwa ndani yake. Aliyechagua risasi, madini duni, ndiye aliyekuta sura ya binti. Mshairi yule wa Uingereza alijua, nasi twapaswa kujua, kwamba anayeitazama posa kwa jicho la dhahabu hupata mifupa.

Maneno yetu hata hivyo hayakumshinda baba mkubwa. Aliyemnyamazisha ni bibi wa binti, mama mzaa baba, mkongwe aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akisikiliza bila kuonekana kusikiliza. Alizungumza kwa Kisukuma, tukatafsiriwa. Alisema kwamba bukwi yake, ndiyo mahari kwa Kisukuma, ilikuwa ng'ombe saba, na akawataja mmoja mmoja kwa rangi. "Hakuna hata mmoja aliyekwenda mnadani," akasema. "Wanne waliondoka kwetu kumwolea mke mdogo wangu wa kiume. Mmoja alichinjwa watu wakala pamoja. Wawili walizaa, na maziwa yao yalinywewa na watoto wa nyumba ile. Ng'ombe walitembea ili watu wajuane. Ninyi mnataka ng'ombe wasimame, wawe noti." Akamgeukia baba mkubwa. "Wewe ulioa kwa ng'ombe wa dada yako. Ulimlipa nani gharama?"

Yote tunayoyatetea yamo katika maneno hayo. Mahari ya asili katika jamii za wafugaji ilikuwa kamba ya kufunga koo mbili. Ng'ombe walioingia kwa ajili ya binti waliweza kutoka kwa ajili ya kaka yake, na kwa sababu ndoa ikivunjika hudaiwa, kila upande ulikuwa na sababu ya kuisuluhisha kabla haijavunjika. Hatusemi kwamba kamba hiyo haikuwa na madhara. Wapo wanawake waliopigwa na waume zao, wakakimbilia kwao, wakarudishwa usiku ule ule kwa sababu ng'ombe walikwisha kutumika. Sheria ya 1971 ilitamka wazi kwamba mwenzi hana haki ya kumpa mwenziwe adhabu ya viboko. Lakini mume aliyelipa ng'ombe 20 na fedha ya shule husema, "Nimekununua," na kaka wa binti aliyezila fedha hizo hana uso wa kumpinga. Hivyo kadiri mahari inavyopanda, ndivyo mlango wa binti wa kurudi kwao unavyozidi kufungwa. Watetezi wa mahari kubwa husema ni heshima ya mwanamke. Ni heshima gani hiyo inayomfunga mdomo ndugu yake?

Watatujibu, "Hiyo ni mila, nanyi mnavunja mila." Twauliza: mila ya nani? Nchi hii ina makabila zaidi ya 120, na mila ya posa si moja. Kwa Waislamu mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, wala baba hana ruhusa ya kuila. Kwa Wayao na Wamakonde, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, ilikuwa desturi mwanamume kuhamia kwa watu wa mkewe, akawalimia, akapimwa kwa jembe lake. Kila kabila lilikuwa na namna yake ya kumwuliza mposaji swali moja: utamtunza? Hakuna mila hata moja katika hizo iliyokuwa na mstari wa "kurejesha gharama za elimu." Mstari huo umeandikwa juzi, kwa wino wa soko, kisha ukatiwa vumbi ili uonekane wa kale. Tena sheria yetu, iliyotanguliwa na Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969 uliowekwa mbele ya wananchi waujadili, ilikwisha kuamua kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Anayetaka kutoa na atoe. Anayekosa asinyimwe mke anayempenda naye anampenda.

Na mnada huu, ndugu msomaji, hauwaumizi wasomi wenye ulimi wa kujitetea peke yao. Binti wetu alikuwa na kazi na umri wa kusema. Lakini pale mahari inapokuwa mapato, mzazi mwenye shida humtazama mtoto wa darasa la saba akaona zizi. Sheria ya 1971, pamoja na mema yake yote, ilipotungwa iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa kutimiza 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Mtoto hana uwezo wa kuchagua mchumba. Huchaguliwa na mwenye ng'ombe. Kwa hiyo anayetetea mnada wa posa ajue kwamba, hata asipokusudia, anaushikilia pia mlango anakopitishwa mtoto huyo.

Tumalizie habari ya Misungwi. Baada ya maneno ya bibi palikuwa na ukimya mrefu. Kisha baba mzazi, ambaye hakuwa amesema lolote siku mbili zote, akaomba kalamu yetu. Akafuta mstari wa elimu. Akafuta koti na beberu. Akaacha mkaja wa mama na blanketi la bibi. Kwenye ng'ombe akaandika 5, akasema kwamba wawili kati yao, majike, watarudi na binti yake siku ya harusi wakawe mbegu ya nyumba mpya. Mwalimu aliitwa kutoka nje alikokuwa amesimama chini ya mwembe kwa saa tatu. Akamvika mchumba wake pete mbele ya wazee, na bibi akaishika mikono yao miwili kwa pamoja akaitemea mate ya baraka. Baba mkubwa aliondoka bila kunywa chai yake, na hadi tunapoandika haya hajapokea simu zetu. Hatumchukii. Alizoezwa na soko, kama sisi tulivyokuwa tumezoezwa tulipotamka 3 na 5 kwa furaha.

Kwa wazee wenzetu twasema: acheni vijana wachaguane, kisha muwe mashahidi, wala msiwe wachuuzi. Mshenga anayetumwa leo na akatae kupokea karatasi yenye gharama za shule. Airudishe mezani kwa adabu, aseme kwamba hakuja kulipa ankara. Kwa vijana twasema: pendaneni kwa macho yaliyofumbuka, onyeshaneni hati za mshahara kabla ya pete, kisha pigeni hodi. Wazee wakiwawekea bei, fanyeni kama alivyofanya binti wa Misungwi: ombeni ruhusa, pigeni magoti, mseme kwamba hammo katika bei hiyo, kisha mmimine chai.

Miaka ijayo, katika nyumba moja ya Sengerema, mtoto atauliza jinsi baba na mama walivyoonana. Ataambiwa juu ya kivuko, mwavuli na vifaranga 98. Na akiuliza mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, tungependa mama yake aweze kujibu bila kuinamisha uso.